Vazi la Kompyuta

Nengo, Gisenyi
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mvua, imenyesha huko Tabora au bado mnaangalia mawingu yakipita? Huku tunaamka salama, na usingizi sasa tunaupata, ila mimi mwanao nimechoka. Usishtuke kuona mwandiko wa mkono. Nilikuahidi barua ya kompyuta, yenye mistari iliyonyooka, ukawaringie majirani. Hiyo haipo tena, na kisa chake ndicho hiki.

Ile kompyuta niliinunua Goma, imekwishatumika, kwa mtu aliyekuwa anafunga ofisi yake. Sababu unaijua. Shule yetu haina hata moja, na mkuu wa shule aliniambia nikiichapa mitihani ya muhula huu nyumbani kwangu ikatoka safi, kazi ya ukatibu ni yangu, kazi ya kudumu, siyo hiki kibarua cha kufundisha Kiingereza muhula mmoja mmoja bila kujua ya kesho. Mke wangu Espérance ni mjamzito, wajua. Kazi ile tuliitaka sana, Mama.

Balaa lilianza na herufi. Vibonye vyake vimepangwa kwa mtindo wa Kifaransa, na kidole kilichojifunzia Tabora kikienda kutafuta A kinaangukia Q. Swali la kwanza lilisomeka kana kwamba limetungwa na mlevi. Umeme nao hukatika bila kuaga. Watu wanasema elfu mbili ikiingia, mwaka ujao, kompyuta zote duniani zitakufa. Yangu ikaona bora itangulie.

Yaani nachapa ukurasa mmoja na nusu, kioo kinatetemeka, kinanywea, giza. Kila siku hivyo hivyo. Nikaizungushia blanketi, nikapanda pikipiki nimeikumbatia kama mgonjwa, mpaka mpakani, mpaka kwa fundi wa Goma anayeitwa Papa Jado. Kwake iliwaka tangu asubuhi hadi jioni bila kukohoa. Nikairudisha nyumbani, ikazima. Safari ya pili pikipiki ilipata pancha na mvua ikanyesha papo hapo, nikavua koti nikaifunika nalo, mimi nikalowa. Afisa wa forodha, aliyezoea akina mama wa Busasamana na vikapu vyao vya viazi, akaniambia mashine hii inatembea kuliko yeye. Kwa Papa Jado ikawaka tena, buheri wa afya. Nilianza kudhani nimerogwa.

Safari ya tatu niliondoka mbio, na Papa Jado alipofungua blanketi akaikuta bado imevaa nguo yake.

Hiyo nguo nikueleze. Mama yake Espérance tunaishi naye tangu walipokimbia vita vya Masisi, kule Kongo. Kule aliacha kila kitu, na kwangu alikuwa anakaa tu sebuleni, mikono mapajani, siku nzima. Kompyuta ilipoingia ndani aliizunguka, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaomba uzi. Akaifumia vazi jeupe la sufu lenye maua ubavuni, kuanzia kichwani hadi chini, uso tu ndio umeachwa wazi ili nione maandishi. Si kile kitambaa unachotandika wewe juu ya redio. Hili linabana. Espérance alienda kulia jikoni kwa furaha, maana mama yake alikuwa hajashika sindano tangu vita. Kila nilipokaa kuchapa, mama mkwe alikaa pembeni akifuma na kuimba kidogo kidogo. Tukitaka kwenda Goma alilivua mwenyewe, akalifua, lisichafuke njiani.

Papa Jado alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, "Bon, mwalimu, mashini haina ugonjwa. Matundu yote ya kupumua umeziba. Iko inakufa na joto."

Nikarudi nimejipanga kusema. Lakini Mama, ukwe wa kwetu unaujua, na huku ndio umekaza zaidi. Mimi na yeye hata meza moja hatuli, sembuse kumwambia kwamba kazi ya mikono yake inaniharibia. Nikamwomba Espérance anisemee. Akasema yeye hawezi, nikiweza niseme mwenyewe. Nikaingia sebuleni. Mama mkwe alikuwa ameshika uzi mwekundu, kwa kuwa jirani aliliona vazi la kompyuta akataka la redio yake. Akainua macho, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mukwe, ile nguo iko inasumbua mashini?"

Nikajibu, "Hapana, Mama. Iko muzuri."

Basi nikawa nachapa kwa wizi, akienda kanisani au sokoni, nalivua vazi na kulirudisha kabla hajafika. Ila umeme wa hapa hauchagui saa inayokufaa. Siku ya kupeleka mitihani ulirudi wakati mama mkwe naye karudi. Nikachapa yeye kakaa pembeni yangu, vazi limevaliwa, mimi nasali. Tulisikia harufu ya sufu inayoungua, halafu moshi. Ni yeye aliyewahi kuchomoa waya, akaling'oa vazi kwa mikono yake. Mgongoni lilikuwa limegeuka kahawia. Kompyuta haikuwaka tena, si kwangu wala kwa Papa Jado, na mitihani ikabaki tumboni mwake. Mkuu wa shule hakunigombeza. Kazi ya ukatibu amempa mtu mwingine.

Mama mkwe alisimama na lile vazi mkononi, akaangalia pale palipoungua, akaelewa yote. "Mukwe, juu ya nini haukuniambia?" Akakaa akalifumua lote, uzi akautupa, na sindano akazirudisha ndani. Tangu siku hiyo mikono mapajani, kama mwanzo. Hilo linaniuma kuliko kazi, Mama. Nilidhani namsitiri, kumbe nimemwaibisha mbele ya binti yake.

Nisalimie mama mdogo na vitumbua vyake, kaka na shemeji, na yule mzee jirani fundi baiskeli, mwambie nimekuwa mwenzake wa pancha. Espérance anakuamkia, anaendelea vizuri, na ameanza kula udongo.

Nilikuwa nataka kufunga barua hapa, ila la jana nisikufiche. Nilimfuata mama mkwe bila kumtuma mtu, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba baridi ya huku inanitesa, anifumie sweta. Aliendelea kukoroga chai yake mpaka ikapoa, nami nikatoka nikijua nimeharibu tena. Leo asubuhi, nimevaa tayari kwenda misani, akanijia na utepe wa kupimia. Akasema nigeuke. Nikageuka, Mama, na mkwe wangu akanipima mabega, taratibu, akasema nimekonda.

Halafu akasema, "Na hii ikikubana, useme."

Mwanao,
Deo