Uzi Mwekundu Kwenye Feni

Kwako kaka yangu,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa, na hilo halifanyiwi marekebisho. Natumaini u mzima, wifi hajambo na kikohozi cha watoto kimepoa. Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakusalimu, bado anashona, ila siku hizi jirani ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano.

Nakuandikia kwa kalamu. Kompyuta uliyotuuzia niliiwasha kabla sijaandika shikamoo, na mpaka sasa inajifikiria.

Unakumbuka nilivyokupigia debe hapa ofisini. Mkurugenzi alitaka kununua dukani, nikamwambia kaka yangu ni fundi, atatuletea mashine mpya na atazikagua moja moja. Karatasi ya kupokea mzigo nilitia saini mimi. Jioni ile ulinihakikishia kwenye simu kwamba zote umezifungua na kuzikagua kwa mkono wako.

Mwezi wa kwanza tulijipa moyo. Wa pili, kufungua mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu kulitupa nafasi ya kuchemsha chai, kuinywa na kuosha vikombe. Mteja anataka tu choo kihamie upande wa pili. Anakaa kwenye benchi, anatazama saa, mwisho anavuka barabara kwenda kwa wachoraji wa ng'ambo. Wateja hawakugomba. Walituaga kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kisha ikaja zabuni ya zahanati. Mchoraji wetu mkongwe, tunayemwita Bibi Rula, aliichora kwa wiki sita. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa sita mchana. Saa nne na nusu akabonyeza kuchapisha. Mashine ikaganda, akaizima, akaiwasha, ikaganda tena. Michoro ilitoka saa saba kasorobo. Alikimbia nayo, mtu mzima yule, viatu mkononi, akakuta dirisha la kupokelea limefungwa. Wiki hiyo hiyo akapewa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Aliniachia rula yake, akasema pengine ni kweli mikono yake imezeeka. Nilimbishia, lakini sikuwa na ushahidi.

Jumatatu, mkurugenzi akiwa safarini, alitumwa fundi mwingine. Alianza na mashine ya Bibi Rula. Akafungua ganda lake linalong'aa, akacheka, akaniita nione: ndani mna vumbi la miaka, na feni kuukuu imekazwa kwa uzi mwekundu wa cherehani. Akaniuliza kama naujua. Nikasema siujui, na nikamwomba aniachie mimi nimweleze mkurugenzi.

Kaka, naujua. Uliufunga wewe, kule kwenye ofisi yangu ya zamani, siku nilipokuomba uje uinyamazishe feni ya kompyuta iliyokuwa inatupigia kelele. Ulitoa uzi wa Mama mfukoni, ukafunga fundo lake la vifungo, lile la kuzungusha mara tatu alilotufundisha sisi wawili tu. Mashine ile ilitupwa pamoja na mabaki mengine. Nilisaidia kuibeba mwenyewe. Kumbe uliifuata huko, ukaivisha ganda jipya, ukaniletea mimi niitie saini. Kama uliifungua, uliliona fundo lako. Kama hukuifungua, ulinidanganya kwenye simu. Nimetafuta njia ya tatu ya kukutetea, sijaipata. Wangeniuzia wengine nisingelia. Wewe ndiye uliyenishika mkono kwenda shule.

Nami nina langu la kuungama. Siku mbili nilinyamaza ili nikulinde, huku Bibi Rula yuko kwake anaamini mikono yake ndiyo mibovu. Leo asubuhi mkurugenzi amerudi, nimemweleza yote, jina lako na saini yangu. Bibi Rula ameitwa arudi kazini, na rula yake nimempelekea. Mimi nimeambiwa nikasubiri nyumbani, naondoka hapa ofisini nikimaliza barua hii.

Mama sijamwambia. Hilo nakuachia wewe. Anakushonea shati, limebaki vifungo tu, na anataka uje ulijaribu Jumapili. Njoo, na umweleze kabla hajatia kifungo cha kwanza.

Nisalimie wifi na watoto, wao hawana kosa.

Ni mimi,
mdogo wako.