Bibi, Jibu Nililokupa Louisville Halikuwa la Kweli

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekuachia kidogo sasa theluji ya Buffalo imeanza kuyeyuka. Nimeandika kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa ili uisome barua hii mwenyewe, kwa kidole, taratibu, kama unavyosoma Zaburi. Tafadhali usimpe Mjomba Elia akusomee. Ukishamaliza, unaweza kumpa yeyote unayetaka.

Nataka tukumbuke pamoja ile siku ya Septemba tulipokwenda shambani, karibu na Louisville. Zilikuwa zimebaki wiki mbili uondoke kwetu Columbus uhamie kwa Mjomba. Mama alitaka akupe siku moja nzuri ya kuagana. Alijua unavyoumia kwa ajili ya ule mstari wa udongo nyuma ya nyumba yetu ya Linden, ulimokuwa umepanda maharage na lengalenga, mchicha wa kwetu, mpaka mwenye nyumba alipotuma mtu aje kuufunika kwa majani ya kupandikiza. Siku zile ulikuwa unakaa dirishani na kusema majani hayo hata mbuzi hayali. Mama akaona kwenye simu picha ya shamba lenye uzio mweupe na nyumba kubwa ya matofali, na maneno kwamba watu hutembezwa kwa saa mbili. Akasema, "Mama amekumbuka shamba, basi tumpeleke shambani." Akalipia.

Mama hakusoma yaliyoandikwa chini ya ile picha. Mimi niliyasoma, tukiwa njiani, wewe umelala na kichwa chako begani kwangu. Nikajua tunakwenda shamba la namna gani. Nikafunga simu, nikanyamaza.

Ulivaa kitenge cha kijani, kile cha harusi ya Mjomba. Mapajani ulipakata mfuko wa kitambaa wenye maharage ya mwisho uliyovuna Linden. Mama alikutania njiani, akasema pale si kwa mtu, ni mahali watu wanapolipa na kuingia, maharage ya nini. Ukamjibu kwamba kulipa ni jambo moja na kuingia katika nyumba ya mtu ni jambo jingine, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kukufundisha kuingia kwa watu mikono mitupu. Mama akacheka, akasema haya, utamwachia marehemu.

Tulipofika, Mama alikaa kwenye benchi langoni. Alikuwa ametoka zamu ya ghala asubuhi hiyo hiyo na miguu yake ilikuwa imevimba. Kabla hatujamwacha alinishika mkono akaniambia kwa Kiingereza, ili wewe usisikie, nikutafsirie mazuri tu, kwa sababu presha yako ilikuwa imepanda wiki ile na siku hii ilikuwa yako. Nikasema sawa. Mimi husema sawa kwa kila kitu, unanijua.

Aliyetutembeza alikuwa yule mama mweusi mwenye kofia ya majani na funguo kiunoni, Bi Loretta. Tulikuwa kama watu kumi na wawili. Pale langoni alituambia jambo ambalo sikukutafsiria: kwamba mama yake bibi yake mzaa mama alizaliwa mahali pale, katika moja ya vibanda vya nyuma. Wewe uliona funguo tu. Ukaninong'oneza, "Mwenye nyumba ni huyu?" Nami nikatikisa kichwa, na hata leo sijui kama nilikitikisa kukubali au kukataa. Wewe ulichukulia kuwa ndiyo.

Ulinichekesha sana mle ndani, Bibi. Kitanda cha yule mzungu tajiri aliyeijenga nyumba ile kilikuwa juu mno, na ngazi ndogo ya kupandia, ukasema mtu huyu alilala kama kuku. Watu wakageuka walipotusikia tukicheka. Kule jikoni ulisimama muda mrefu kuliko wote, ukatazama masizi ukutani na vyungu vya chuma, ukasema, "Hapa palipikwa kwa watu wengi sana, na aliyepika alikuwa mfupi." Nilikuuliza umejuaje. Ukanionyesha ndoano za kutundikia vyungu, jinsi zilivyokaa chini. Bi Loretta hakuwa amesema lolote kuhusu hilo.

Kisha tukaenda kwenye kipande cha tumbaku wanachopanda ili wageni waone. Ukakata ncha ya jani, ukaisugua vidoleni, ukaninusisha. Ukaniambia utomvu wake hautoki kwa sabuni, na kwamba ulipokuwa unalima kibarua katika tumbaku ya watu, nje ya kambi ya wakimbizi, bila kibali, ulikuwa unarudi na viganja vyeusi na unavificha kwenye kitenge ukipita kwa askari. Mimi kambi naijua kwa masimulizi yako tu. Nilikuwa nikiyapenda kama hadithi.

Bi Loretta alitupeleka kwenye vile vibanda viwili vya matofali. Alitoa karatasi, akasoma majina. Majina ya kwanza tu, na umri. Ukaniuliza kama hao walikuwa wanaitwa wapokee posho. Nikasema ni wafanyakazi wa shamba. Ukaitikia kwa kichwa kila jina liliposomwa, kama mtu anayesubiri lake.

Halafu akaeleza habari za kutoka. Akasema hakuna aliyeweza kuvuka mpaka wa shamba bila karatasi iliyoandikwa na bwana wake, na aliyekamatwa bila hiyo karatasi alirudishwa kwa mbwa na viboko. Alikuwa amemaliza tu sentensi hiyo uliponivuta mkono.

"Muulize," ulisema, "hawa watu walikuwa na ruhusa ya kutoka?"

Bi Loretta alinitazama kwa upole akasubiri. Wale wageni wote walinitazama. Unajua mimi darasani huandika majibu kwenye daftari na sinyooshi mkono. Sikumuuliza chochote. Nilikugeukia wewe nikasema:

"Ndiyo, Bibi. Walikuwa wakitoka."

"Bila kibali?"

"Bila kibali."

Ukashusha pumzi. Ukatazama kile kibanda, paa lake zima, mlango wake wa mbao, ukasema polepole, "Basi huyo mzungu alikuwa mtu."

Kisha ukafanya jambo ambalo tangu siku ile silisahau. Ulimwendea Bi Loretta, ukampa mfuko wa maharage kwa mikono miwili, naye akaupokea kwa mikono miwili. Ukamshika viganja, ukafumba macho, ukaomba, nusu Kirundi nusu Kiswahili. Ulimwita mtoto wa nyumba hii, ukidhani ni mjukuu wa yule mzungu. Ulimshukuru Mungu kwa ajili ya babu yake aliyelima na watu bila kuwafungia, ukaomba ukoo wake usikatike. Bi Loretta alikusikiliza mpaka amina, macho yake yamelowa, akaniuliza umesema nini. Nikamwambia unamshukuru kwa kazi yake nzuri.

Hivyo mlishikana mikono ninyi wawili, kila mmoja akidhani amemwelewa mwenzake. Mgeni mmoja akatupiga picha, akaituma kwenye simu yangu. Ni ile uliyoiweka ukutani kwa Mjomba.

Njiani kurudi ulimsimulia Mama kila kitu, hata rangi ya mapazia. Mama akanitazama kwenye kioo cha gari akanikonyeza, kana kwamba nimefanya vizuri. Nami nilijiambia nimekulinda.

Sikukulinda, Bibi. Nilijilinda mimi. Presha yako ilikuwepo, na Mama alikuwa ameniagiza, lakini hata presha yako ingekuwa ya msichana wa miaka kumi na sita ningesema vilevile, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na jibu la kweli lilihitaji kusemwa kwa sauti. Na kuna jambo jingine baya zaidi. Nilidhani hutalimudu lile jibu. Nimesoma vitabu vinne vya maktaba kuhusu mashamba yale, nimeandika insha na mwalimu akaisifu kwa wino mwekundu, basi nikajiona mimi ndiye ninayejua, na wewe ni wa kufichwa kama mtoto. Kumbe kati ya watu wote tuliosimama pale na Kiingereza chetu, hakuna aliyeuliza kama walikuwa na ruhusa ya kutoka. Uliuliza wewe peke yako.

Uliwahi kunisimulia ulivyokamatwa barabarani na jembe, Mama akiwa mgongoni. Ulisema jembe walilolichukua askari halikukuuma. Kilichokuuma ni kukaa chini kwenye vumbi mpaka jua kuzama, ukisubiri kijana uliyeweza kumzaa akuambie inuka, nenda. Bi Loretta alipokuwa anasoma yale majina, wewe ungeweza kumweleza jinsi mtu anavyokaa hivyo. Yeye angeweza kukueleza ya mama yake bibi yake. Niliwanyima wote wawili.

Ningenyamaza hata sasa, nakiri. Lakini Jumanne Mjomba alipiga simu. Akasema kanisa lenu litakuwa na ibada ya pamoja na wale Wamarekani weusi wanaowaazimisha jengo lao, na umeombwa utoe ushuhuda, na kwamba watoto wa Buffalo Kiswahili kimewapotea, kwa hiyo Mama atanileta mimi nikutafsirie. Kisha ukachukua simu. Sauti yako ilikuwa na furaha kama siku ya Krismasi. Ukaniambia utasimulia habari za kambi, kisha utasimulia habari za yule mzungu wa Louisville aliyewaacha watu wake watoke bila kibali, ili wajue Mungu hakosi mtu wake katika kila kizazi. Ukasema utawaombea wajukuu zake mbele ya watu. Ukaniuliza, "Utaweza, mke mwenzangu, au utanimezea maneno?"

Nikasema nitaweza.

Nimelala na jambo hilo siku tano. Nitakuambia nilichofikiria, maana nacho ni sehemu ya kosa. Nilifikiri: nitasimama karibu yako, wewe utasema ya yule mzungu, na mimi kwa Kiingereza nitasema kitu kingine. Nitasema unawashukuru kwa jengo. Nitasema ulisikia majina ya watu walioteswa na ukalia. Watapiga makofi, utatabasamu, na hakuna mtu yeyote duniani atakayejua. Nilishaanza hata kuandika sentensi zenyewe nyuma ya daftari la hesabu. Zilikuwa nzuri. Ndipo nikaogopa, kwa kuwa niliona jinsi ilivyo rahisi, na jinsi ninavyoweza kuifanya mpaka utakapokufa: kusimama kati yako na nchi hii nzima na kukupa nchi nyingine niliyoitunga mimi.

Kwa hiyo nakujibu sasa, Bibi. Hapana. Hawakuwa na ruhusa ya kutoka. Hawakuwa vibarua. Walinunuliwa, wao na watoto wao, na mwenye ile nyumba alipohitaji aliwauza, mama huku na mtoto kule. Karatasi ya kutoka ilikuwepo, na aliiandika yeye. Yale majina hayakuwa ya posho. Bi Loretta si mjukuu wa yule aliyelala juu kama kuku. Ni mjukuu wa wale wa kibandani. Labda wa yule mfupi aliyepika, sijui.

Mama hajui kama nakuandikia. Nilimwambia jana kwamba sitatafsiri tena namna ile, akauliza namna gani, nikashindwa kumweleza, akadhani nina aibu zangu za kawaida. Akinikasirikia nitavumilia. Wewe ukinikasirikia sijui nitafanyaje, lakini ni haki yako, na sitakuomba unisamehe kwenye karatasi ambapo huwezi kunitazama.

Unywe dawa ya presha kabla hujaisoma mara ya pili. Ongea na Mjomba ukitaka. Ukiamua usisimame kabisa siku hiyo, nitakaa na wewe kwenye benchi la nyuma. Ukiamua kusema ya kambi tu, nitasema ya kambi tu. Na ukiamua kuwaambia watu wale kwamba ulikwenda mahali pale, ukauliza swali, na mjukuu wako akakudanganya, utasema sentensi moja, utasubiri, nami nitaigeuza kwa Kiingereza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, neno kwa neno, pamoja na jina langu.

Tunafika Jumamosi mchana. Mungu akutunze mpaka hapo.

Ni mimi mjukuu wako na mke mwenzako,
Espérance