Diski Uliyompa Wahome

Gatitu, Nyeri
Julai 1999

Kwa ndugu yangu Simeon,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Huku baridi imetukalia. Wiki nzima hatujauona mlima, na nguo nilizofua Jumatatu bado zimelowa. Mama anakula vizuri. Mkono na mguu wa kulia havijapata nguvu tangu kiharusi, ila maneno yake sasa yanaeleweka yote.

Ile diski Wahome alinifikishia mpaka mlangoni, pamoja na CD ya Linux na maagizo yako. Uliandika kwamba nikiitia laptop yako ya zamani diski kubwa na kuigawa, Windows ikae upande mmoja kwa kazi ninazowachapia watu, na Linux, huo mfumo nisioujua, upande wa pili nijifunze, basi siku moja nitapata kazi ya kufanyia hapa hapa nyumbani, nisilazimike kumwacha Mama. Nilikushukuru. Nakushukuru hata sasa.

Lakini shughuli yenyewe haikuwa nyepesi kama ulivyoiandika. Laptop ni ya zamani kuliko diski. Nilipoiwasha iliona kipande cha mwanzo tu, kana kwamba sehemu nyingine haipo. Nikaenda kwa Theuri, yule anayefundisha kompyuta mjini, akaniambia mashine za miaka ile ndivyo zilivyo: Windows itatoshea kwenye kile inachokiona, na Linux ikishaamka itaiona diski yote. Akakubali kuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana na kifaa cha kusomea CD, kwa kuwa laptop haina.

Tuliweka Windows kwanza, nami nikamaliza kuchapa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa kanisa letu, iliyokuwa inangojewa kesho yake. Kisha tukaikata sehemu ya Linux huko nyuma kwenye nafasi kubwa. Mama akaniita nimgeuze. Nikarudi, akaniita tena, anataka kwenda choo, na wewe hujui, Simeon, safari ya choo inavyovunja mgongo wa mtu. Niliporudi Theuri alikuwa ameshaiweka Linux na anaiwasha mashine upya. Skrini ikaandika herufi mbili, LI, ikanyamaza. Linux haikuja, wala Windows, na ratiba ya mazishi ilikuwa humo ndani.

Nilikwenda nikaketi kitandani kwa Mama nikalia. Akaniuliza kama mashine imekufa. Nikamwambia haijafa. Akaniuliza basi ninalia nini, nikamfunika blanketi vizuri, nikarudi kwa Theuri.

Baadaye Theuri akaeleza kosa letu. Mashine ikiwa inawaka hufika mwanzo wa diski tu, na sisi kile kipande cha kuiamsha Linux tulikiweka mbali, mahali isipoweza kukifikia. Akaiwasha kwa disketi, tukaitoa ratiba salama. Kisha akasema itabidi tufute vyote na kugawa upya. Nikamwomba anipishe, nigawe mwenyewe: kipande kidogo mbele kabisa cha kuiamsha Linux, kikifuatwa na Windows, halafu nafasi yote iliyobaki nikaiachia Linux. Tukaziweka zote mbili upya, na safari hii mashine ilituuliza tunataka ipi. Nikajaribu ya kwanza, nikazima, nikajaribu ya pili. Zote zikaja.

Theuri akaniambia kuna chuo Meru kinafungua chumba cha kompyuta, na kinatafuta mtu wa kukisimamia anayeweza kutumia zote mbili. Nilicheka. Lakini siku zilizofuata, kila nilipokuwa nikimwosha Mama, neno lile lilikuwa linanirudia. Mama mdogo Wakonyo akaja kukaa naye, nami nikaenda Meru kujaribu. Walinikalisha mbele ya kompyuta mpya, wakaniambia nigawe diski yake.

Simeon, wamenichukua, na nimekubali. Ninaanza Septemba. Ulinitumia diski ili nibaki nyumbani, na hiyo hiyo ndiyo imenifungulia mlango. Sikuipanga hivyo, lakini siwezi kukuambia kwamba nasikitika. Nimechoka, ndugu yangu. Miaka hii yote sikuwahi kukwambia, maana ulikuwa unatuma kila tulichotaja, nikaona aibu kulalamika.

Niliogopa kumwambia Mama kuliko nilivyoogopa ule usaili. Nilimwomba twende wote Meru, akakataa. Nyumba yake ni hii. Kisha akanishika kwa mkono ule mzima.

"Nenda, Murugi," akasema. "Na umwambie Simeon asinitumie kitu kingine. Aje yeye."

Basi nimekuambia. Mama mdogo atakuwa hapa mpaka mwisho wa Agosti, halafu anarudi Sagana kwa wajukuu wake. Njoo mapema kidogo nikuonyeshe jinsi ya kumwinua bila kumuumiza. Wiki moja itatosha, utazoea. Yale ya kazi yako sijui utayapangaje, na hayo sitakupangia mimi.

Wasalimie wote wanaotuulizia huko. Mama anakusalimu sana. Tangu jana anauliza kama bado unakunywa chai bila sukari, nami nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Murugi