Machozi ya Monga

Mujukuu wangu Kapya,

Salamu toka Kashikishi. Mama yako amepona malaria, amerudi sokoni na samaki yake.

Umeniuliza namna ya kufundisha banafunzi kulia jukwaani. Mimi nilikosea. Nilipokuwa mwalimu kijana, musichana Monga aliigiza mama aliyefiwa na mutoto, lakini macho yake yalikuwa makavu. Nikamwambia, "Fikiria ndugu yako aliyezama ziwani."

Akalia kweli. Batu bakapiga makofi, nami nikajivuna.

Kesho yake akaniambia, "Mwalimu, pale sikuigiza." Akaacha kundi letu. Nilikutana naye mara nyingi bandarini, nikamusalimia tu. Sikumuomba samahani mpaka akahama.

Bafundishe kupumua, sauti na mikono. Huzuni yabo ubaachie.

Kambo yako, babu anayekukumbuka