Blokaji Niliyofunga kwa Ajili ya Barabara ya Shabunda

Mke wangu Wabiwa,

Barua hii siifungi. Inakuja na ile ndege ndogo ya Kavumu, na yeyote atakayeipokea huko kwenu Shabunda aisome akipenda, kisha awasomee na wajomba zako. Tangu uondoke, maneno yangu yote kwako yamepita kwenye fonie ya misheni, ile redio ya kuitana, na wewe unaijua fonie: mtu akikohoa Bukavu, parokia zote hadi Shabunda zinamwambia pole. Nimechoka kuongea na mke wangu kwa maneno machache, huku padri ameshika mashine na watu wamepanga foleni nyuma yangu. Kama ni kusikika, basi na haya yasikike, lakini yote, si nusu.

Nakuandikia kukuambia kwamba nimefunga blokaji kwenye gari.

Najua utacheka, maana ulikuwa unaniacha niongee peke yangu kila nilipoanza mambo ya ponti. Nivumilie kidogo. Ile chuma nene inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma ndiyo ponti. Ndani yake mna meno yanayoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko jenzake gari inapokata kona. Kwenye lami ya hapa mjini ni kitu kizuri sana. Kwenye tope la Mwenga ni balaa, kwa sababu gurudumu lililozama linachukua nguvu yote na kuzunguka bure, na lile lililokanyaga pagumu linakaa tu, halisaidii. Blokaji inayafunga yote mawili yazunguke pamoja. Ni hilo tu, sikuongezei mengine.

Wewe hukuhitaji jina lake ili ujue ubaya huo. Unakumbuka kile kilima cha baada ya Burhale, safari ile ya kwanza nilipokuwa naenda kujionyesha kwa mama yako? Ulivua viatu, ukakaza kitenge, ukatangulia mbele ya gari ukichoma tope na fimbo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye usukani kama mkubwa wa nchi.

"Upite kwa gauche," ulisema.

Nikapita kulia, kwa sababu mimi ndiye fundi na mimi ndiye dereva.

"Nimesema gauche, weye."

Tukazama upande wa kulia. Ukarudi, ukaanza kubeba mawe na kuyapanga chini ya gurudumu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Tulipofika kwenu, tope lilikuwa limenipanda hadi kwenye nyusi. Mama yako alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Huyu mwanaume iko na kichwa nguvu. Mumuletee maji." Kisha akakaa karibu nami akaniuliza habari za gari, swali baada ya swali, kuliko hata wateja wangu wanavyouliza. Nilimpenda siku ileile.

Alipougua ukaondoka na lori, nilikusindikiza mpaka juu Kadutu. Ulisema utarudi akipata nafuu. Halafu mvua ikaanza, na asubuhi moja mtu wa misheni akaja garage kuniita. Fonie ilikuwa imesema: mama amekufa, bwana wa Wabiwa aje.

Nilikuja, Wabiwa. Hili hulijui, na ndilo linalonifanya niandike. Asubuhi ile ile niliondoka, na mfuko wa chumvi na mablanketi nyuma, kama mtu anayekwenda matanga. Nilipita Kamituga. Mbele yake, kwenye mteremko mmoja, gurudumu la nyuma la kushoto likazama, likazunguka bure, na la kulia likakaa kimya juu ya jiwe. Nikapiga kriki kuinua gari, niweke miti chini. Ardhi ilikuwa laini, kriki ikateleza, gari ikashuka juu ya mguu wangu. Watu wa migodi ndio walionichomoa. Nilirudi Bukavu nimelala juu ya magunia ya kahawa kwenye lori la mtu, na gari ikavutwa baadaye.

Nilipoweza kusimama nilikwenda misheni. Foleni ilikuwa ndefu. Padri akaniuliza niseme nini. Nilifikiria wote wanaosikiliza, nikafikiria kuanza kuhadithia mguu wangu mbele yao wakati nyinyi mmezika, nikaona aibu. Nikasema, "Mwambie barabara imekataa." Kiangazi kilipoingia, mfanyabiashara mmoja wa mafuta akaniletea jibu lako. Alilisema akiangalia chini, maskini, kama ni yeye aliyelitunga: "Mumuambie abakiye na barabara yake."

Nimebaki nayo. Kiangazi chote nilichechemea na fimbo, nikisikiliza kila lori linaloshuka kutoka Mwenga. Hatukupata mtoto, hivyo hakuna hata wa kumtuma kati yetu aseme baba anaulizia. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Napika ugali mwingi kila mara, mkono wangu umezoea wa watu wawili, na majani ya muhogo sijui kuyapika, sombe yangu inatoka chungu. Maman Sifa wa jirani aliniuliza siku moja, "Papa, bibi yako anakawia nini?"

"Ni barabara, maman."

"Barabara gani? Tuko kiangazi."

Niliingia ndani nikafunga mlango, na jua bado linawaka.

Hapo ndipo niliposhika habari ya blokaji. Vijana wa garage walisema nichomelee yale meno, yasitengane tena milele. "Tia soudure, papa, kazi imekwisha." Wengi hapa wanafanya hivyo. Lakini gari iliyochomelewa inakataa kona kwenye barabara ngumu, inakula matairi, na siku moja inakata ekseli mahali pasipo na fundi. Kuna blokaji nyingine inayojifunga yenyewe bila kukuuliza. Hiyo nayo sikuitaka. Unakijua kile kipande cha barabara kilicholalia upande, bonde chini? Pale magurudumu yote mawili yakifungwa, yanateleza pamoja, gari inashuka bondeni kiubavu. Lazima dereva aweze kufunga mahali pa kupanda, na kufungua mahali barabara inapolalia upande. Kwa hiyo nilitaka ya mkono, yenye kishikio karibu na kiti. Na nilitaka ya nyuma peke yake. Kwenye kilima uzito unalalia nyuma, na ukifunga ya mbele usukani unakuwa mzito hata uulalie kwa kifua.

Niliipata Kavumu, kwenye gari bovu la mzungu wa mashamba aliyekuwa anafunga virago. Gari sawa na yetu. Nilimtengenezea pampu yake ya maji, akaniambia nifungue ninachotaka. Nililala chini ya lile gari, kuku wakipita juu ya miguu yangu, nikaitoa nzima na waya wake na kishikio chake.

Kuifunga ndiyo ilikuwa kazi. Meno makubwa na meno madogo lazima yakutane katikati. Yakikutana kwenye ncha yanavunjika, yakikazana sana yanaungua. Ili kuona yanapokutania unapaka rangi, unazungusha, unaangalia alama. Rangi ya kazi hiyo sina. Nilichukua masizi ya sufuria, nikatafuta mafuta ya kuchanganyia, nikakuta mawese ya mama yako kwenye bidon, yale aliyotupa safari ya mwisho, yameganda chini. Nikayachota hivyohivyo. Mara ya kwanza alama ilitokea kwenye ncha. Nikafungua yote, nikaongeza vipande vyembamba vya bati, nikapaka tena, na alama ikaja katikati. Mkono wangu ulinuka kwenu wiki nzima.

Halafu ikafika siku ya kujaribu. Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya? Gari juu ya magogo, mimi gurudumu la kushoto, wewe la kulia, hatuonani, tunasikiana tu chini ya gari. "Lako linazunguka?" nakuuliza. "Linazunguka nyuma-nyuma," unajibu, na mara nyingine unalizuia makusudi ili nijikune kichwa. Safari hii nilivuta kishikio, nikafunga kitambaa kwenye gurudumu lako, nikarudi langu nikazungusha, na mdomo ukajisemea wenyewe, "Lako linazunguka?" Kwa sauti kabisa. Nilikaa chini, Wabiwa. Nilihisi upweke ambao sikuwahi kuuhisi hata mguu ukiwa chini ya gari. Baadaye nikajilaza tumboni, nikazungusha huku natazama chini ya gari. Kitambaa hakikurudi nyuma kama zamani, kilizunguka mbele pamoja na langu. Blokaji ilikuwa imeshika.

Niliipeleka Mumosho, kwenye zile njia za kushuka Ruzizi, mvua ilipokuwa imenyesha vizuri. Niliingiza upande mmoja kwenye mtaro kwa makusudi, nikavuta kishikio. Gari ilitulia kidogo, kisha ikapanda taratibu bila kupiga kelele, ikatoka. Nikageuka kwenye kiti chako nikuambie umeona. Wakulima waliokuwa wanatazama walipiga makofi, mimi nikawapungia mkono nikaondoka haraka, wasione uso wangu.

Tangu siku ile gari iko tayari, na mimi sijaondoka. Kila asubuhi napata kitu cha kukaza. Nimekaza bolti ambazo hazikulegea. Nikubali nisikubali, nimegundua kwamba naogopa. Barabara ilipokuwa imefungwa, niliweza kusema barabara ndiyo iliyotutenganisha. Sasa nikipita, nikafika, nikakukuta hunitaki, nitajua kwamba haikuwa barabara. Nimekuwa nikikaza bolti ili nisijue.

Vijana wa garage wanasema ningoje kiangazi. Kiangazi hata mwenye gari bovu anafika Shabunda. Mama yako alikufa katika mvua, na nyinyi mlinihesabu katika mvua, mkaona sipo. Nitakuja katika mvua hiyohiyo. Naondoka mara ndege itakapobeba barua hii.

Wajomba, nanyi nisikieni. Siji kudai mke. Sitaleta wazee wa kunisemea, wala sitamuuliza Wabiwa neno lolote mlangoni. Gari nitaiacha chini barabarani, nipande kwenu kwa miguu, na mguu wangu mtauona wenyewe jinsi ulivyo. Naomba mtu mmoja anionyeshe kaburi, kisha mniache hapo. Sikupata kumlilia pamoja nanyi, nitamlilia peke yangu, kwa sauti, jinsi sisi watu wa kwetu tunavyolia, msishangae.

Nikimaliza, Wabiwa, kama kuna neno la kuniambia utaniambia. Kama hakuna, nionyeshe tu pa kugeuzia gari. Nitarudi Bukavu, na Maman Sifa akiniuliza nitamjibu ukweli.

Chemsha maji ya kunawa, ukipenda. Kama hutaki, nitanawa mtoni.

Ni mimi,
mkwe wa mama yako.