Kumtafutia Mama Kiwanja

Kuze, Mombasa
12 Januari 1998

Kwa dada yangu Mejumaa,

Assalaam alaikum. Natumai u mzima, wewe na shemeji Ngumbao na watoto, na kwamba magoti ya mama yamempa nafasi. Sisi huku wazima, ila mvua na joto vimeshikana. Chumba chetu kimekuwa tanuri linalovuja. Watoto wanalala ukumbini kwa mwenye nyumba na wanaamka na alama za mkeka mashavuni. Upepo ukigeuka unatuletea moshi wa jaa la Kibarani.

Ujumbe wako niliupata. Najua mama hawezi kuendelea kukaa kwa mkwewe. Tangu ami zetu walipouza shamba la Diani hatuna petu, na mwanamume ni mimi. Hapa Kuze kitanda cha pili hakiingii hata tukikisimamisha. Kwa hiyo natafuta kiwanja, na sitaki kukosea, maana nikikosea sina cha kununulia kingine. Ninataka mvua isiyokosa, upepo, na maji ya kunywa karibu. Kila ninapokwenda naandika jioni yake, kabla sijasahau.

Jana nilipanda Shimba Hills. Udongo mweusi, hewa baridi, michungwa imebeba hadi matawi yameegemezwa kwa miti. Nikasema, basi, ndipo hapa. Kumbe mwenyeji alikuwa bado hajanionyesha mahindi yake, yamelazwa yote na ndovu. Nikamuuliza, "Sasa wakija mwafanyaje?" Akanijibu, "Twapiga madebe. Wakichoka kusikiliza, huondoka."

Nimepafuta. Nikipata ruhusa kazini ghalani nitakwenda Taita.

Nduguyo,
Chirau


Msambweni
3 Februari 1998

Kaka Chirau,

Waalaikum salaam. Tu wazima, twamshukuru Mungu. Mama anakula, anasali, anagombana na kuku. Wifi yangu na watoto wanaendeleaje na uvujaji huo? Wape salamu.

Taita unakwenda kufanya nini? Mama akiona umande tu anajifunga leso tatu.

Nikueleze hali ya hapa, maana naona hujaielewa. Ngumbao hajatamka neno. Lakini adabu ya mkwe unaijua. Mama hali mpaka mwenye nyumba atoke. Akirudi, mama hukimbilia jikoni na ushungi umefika puani. Naye Ngumbao akifika mlangoni pake hukohoa kama mpangaji anayedaiwa, husubiri, ndipo aingie. Juzi mvua ilimkuta nje, na mama alikuwa amelala ukumbini, akaona haya kumpita. Alisimama kwenye banda la mbuzi mpaka mama alipoamka. Mume wangu, na kiwanja ni chake! Nilicheka, kisha nikalia.

Kaka, unatafuta kiwanja au unatafuta pepo? Tafuta mahali penye kasoro, ukae.

Dadako,
Mejumaa


Kuze, Mombasa
6 Septemba 1998

Dada yangu,

Salamu nyingi, na radhi kwa kimya. Natumai mama hajambo. Mtoto wetu wa mwisho alishikwa na homa Julai, sasa anakimbia tena, alhamdulillahi.

Taita nimerudi na mafua, ulisema kweli. Lungalunga mtu niliyemwendea alinipokea akitetemeka kwa malaria, sikuuliza zaidi. Lakini sasa nimepata! Ni kule ndani, mbele ya Kinango, kwa Gunga, mwenzangu wa ghalani. Mimi nilidhani huko ni vumbi na miiba. Nilikwenda Aprili, majani yakanifika kiunoni, na kila bonde lina ziwa. Sikukurupuka. Nilijua ile ni mvua ya Elnino, inaweza kudanganya. Nikamwambia Gunga, "Nitarudi kiangazi nione uso wa mahali bila poda." Akacheka, akasema, "Karibu, nitawaarifu nyumbani."

Nimerudi mwisho wa Agosti. Majani yamekauka, kweli, lakini hewa ni safi na usiku unavuta shuka. Na nilipofika, mkewe Gunga alinitilia maji ya kuoga, beseni linafurika, na ndoo ya pili pembeni. Asubuhi tena vivyo hivyo. Katikati ya kiangazi! Mahali penye maji ya namna hiyo nitafute nini zaidi? Nimeshikana mkono na wazee wa pale. Mwambie mama afunge mizigo.

Nduguyo,
Chirau


Msambweni
15 Septemba 1998

Kaka,

Salamu kwako na kwa wote. Barua yako nilimsomea mama kabla sijaimaliza mwenyewe, na hilo ni kosa langu. Amefunga godoro siku ile ile. Amewaaga majirani wa kuume na wa kushoto: "Naenda kwangu." Hata Ngumbao nilimsikia akipiga mluzi.

Kisha nikairudia peke yangu, nikafika pale penye beseni. Chirau, uliuliza maji yale yalitoka wapi?

Wewe ulituma salamu kuwa unakuja, wao wakakutengenezea ugeni. Umesahau sisi wenyewe? Mama alikuwa akikopa maziwa kwa jirani ili mgeni adhani tunafuga. Wewe ulikuwa ukitumwa na kikombe, ukipita nyuma ya nyumba usionekane. Leo umekuwa mtu mzima, umeoga beseni la watu, ukaliita hali ya hewa.

Rudi. Usimwambie Gunga. Usiende nyumbani kwanza, nenda wanakochota.

Mama sijamwambia haya.

Dadako,
Mejumaa


Kuze, Mombasa
11 Oktoba 1998

Dada Mejumaa,

Salamu. Afya tunayo. Nimekwenda.

Nilishuka kabla ya kituo, nikafuata njia ya ng'ombe hadi mtoni. Mto ni mchanga mtupu. Mkewe Gunga alikuwa ndani ya shimo, mabega tu ndiyo yanayoonekana, anachota kwa kata. Aliinua kichwa, akanitambua, akacheka mpaka akaketi humo humo.

"Shemeji! Leo umekuja bila hodi, utaoga mchanga!"

Wenzake wakampokea. "Mpeni jembe, achimbe beseni lake!"

Nilishuka nikashika kata. Unaizamisha, unangoja, inarudi na maji ya kufunika kidole. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la aibu. "Mgeni haambiwi kiu ya nyumba. Ungehamia ungeijua mwenyewe." Yale niliyojimwagia Agosti yalikuwa maji yao ya siku mbili. Watoto waliosha nyuso kwa kitambaa kimoja.

Nimewaomba wazee radhi. Walinisamehe kwa upole, na ule upole umeniuma kuliko tusi. Gunga ghalani ananisalimu kama zamani, mimi ndiye nisiyejua nitazame wapi.

Sasa nafikiria Vanga. Au ndani ya Malindi, upande wa Jilore, kuna mto usiokauka. Na Witu nasikia mvua haikosi. Silali vizuri, kila usiku nahamia mahali pengine. Nipe hadi Machi nilinganishe vizuri, nisirudie kosa. Umweleze mama pole pole.

Nduguyo,
Chirau


Msambweni
25 Oktoba 1998

Kaka,

Salamu ni wajibu, basi salamu.

Ngumbao amehama. Hatukugombana. Jumanne alibeba kitanda cha kamba kichwani, mchana kweupe, akaenda kulala kwenye banda la shambani anapolindia nyani. Nilimfuata nikimwita, akasema, "Mama akae kwa raha zake. Mimi niko huku mpaka Chirau amalize kupima dunia."

Mtaani wanasema nimemfukuza mume nikamweka mama. Maneno hayo yamemfikia mama. Tangu jana hali cha nyumba hii. Amekaa barazani juu ya godoro lake lililofungwa, uso ameuelekeza barabarani, na kila gari likipunguza mwendo anajitengeneza ushungi.

Sikumtajia Machi. Njoo umtajie mwenyewe.

Mejumaa


Waa
7 Novemba 1998

Dada yangu,

Assalaam alaikum wewe na mama na shemeji. Naandikia juu ya jiwe, unisamehe mwandiko.

Nimenunua. Ni Waa, ukishuka barabara kuu unatembea kidogo upande wa bahari. Mara hii sikumuuliza muuzaji uzuri wa mahali. Nilimwambia, "Mzee Kenga, nitajie ubaya wake wote." Alinitazama, akaketi, akaanza, na alikuwa bado anaendelea adhana ilipotukatiza.

Umsomee mama yote, usiruke. Ardhi ni mawe ya matumbawe, udongo ni kiganja tu. Mahindi yatakubali mwaka mmoja na kukataa miwili, muhogo ndio utakaotulisha. Kisima kipo, maji yake yana chumvi. Ya kunywa ni bomba la barabarani, nalo hutoka likipenda. Mbu wapo. Joto ni lile lile la Kuze, ila hakuna moshi. Minazi ni minne, mmoja umekufa. Jirani ana redio isiyozimwa. Mama si mgeni hapa, asifichwe kitu. Akiona hapamfai, aniambie mbele ya uso wangu, nitanyamaza. Lakini kuhama tena sihami.

Nyumba bado ni nguzo. Wifi yako na watoto wapo hapa tangu jana, wanakanda udongo. Makuti yanaletwa Alhamisi. Njooni Jumamosi, hata paa likiwa nusu.

Shemeji mwambie arudi kwake leo hii, asingoje Jumamosi.

Na mje na jembe. Langu limevunjika mpini kwenye shimo la tatu la muhogo, na mashimo yamebaki mengi.

Nduguyo,
Chirau