Komeo Jipya la Dirisha Letu

Jumamosi, 14 Agosti 1971

Leo nitaandika yote, hata kosa langu. Baba alinipeleka Kericho kununua makomeo ya madirisha. "Wewe umesoma, chagua," akaniambia. Nikachagua ya shaba, mazito, nikajivuna.

Alipokaza skrubu kwenye dirisha la chumba chetu, ndipo nilipokumbuka. Tangu Baba amfukuze dada yangu Chebet kwa sababu ya mimba, kila Jumapili tukiwa kanisani yeye husukuma komeo bovu kwa kijiti, na kuingia kunywa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, ninayomwachia.

"Sasa hata paka haingii," Baba akasema. Kesho kabla ya kwenda kanisani atafunga madirisha yote mwenyewe.

Chebet, nikificha kibuyu nje kwenye michai, utakitafuta, au utarudi ukidhani ni mimi niliyekufungia?